Giza la kumi na nne: kijana aliyeijua biashara ya dagaa bila kununua dagaa

Kisa hiki ni cha Manispaa ya Kigoma Ujiji, kati ya Novemba 2022 na Desemba 2024. Mhusika ameridhia kiandikwe; jina, mtaa na mambo kadhaa ya familia yake yameondolewa au kubadilishwa. Mimi ni mwezeshaji wa vikundi vya kuweka na kukopa. Si daktari wala mwanasaikolojia. Niliingia kwenye habari hii kwa sababu shangazi yake ni mwanachama wa kikundi kimoja ninachokihudumia. Mhusika nitamwita Daftari, na sababu ya jina hilo mtaiona.

Usuli

Daftari alikuwa na miaka 29 aliporudi nyumbani mwanzoni mwa Novemba 2022, baada ya miaka minne ya kutunza stoo ya duka la vifaa vya ujenzi Dar es Salaam. Alirudi na mke, na akiba ya Sh 1,650,000, na wazo moja: kununua dagaa wabichi mwaloni, yaani ufukweni ambako mitumbwi hushusha samaki, kuwakausha vizuri, na kuwauza Tabora, ambako dada yake ameolewa.

Wazo si baya. Dagaa wa Ziwa Tanganyika wana jina nchi nzima, kiasi kwamba wapo wauzaji wanaouza dagaa wa kwingine kwa jina la Kigoma. Na shangazi yake anaanika dagaa kwenye mwalo wa Kibirizi kwa zaidi ya miaka kumi. Ana vichanja vyake, anajuana na wavuvi, anajua nani anapunja ndoo na nani hapunji. Ukiniuliza nani ana nafasi nzuri ya kuanza biashara hii mjini hapa, ningemtaja kijana wa namna hiyo.

Kwa msomaji asiyeishi huku: dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za sola na betri. Mwanga huwavuta dagaa juu, lakini hauna nguvu penye mbalamwezi, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu mitumbwi hupumzika, ukififia hurudi majini. Hicho kipindi cha usiku mweusi ndicho watu wa mwaloni wanachokiita giza, na ndicho kalenda yao. "Giza lililopita nilipata." "Nitakulipa giza lijalo." Mwezi mmoja, giza moja.

Tangu Daftari arudi hadi katikati ya Desemba 2023, lilikuwa limepita giza la kumi na nne. Hakuwa amenunua dagaa hata wa kukaanga.

Miezi kumi na tatu ya maandalizi

Hakuwa mvivu, na hili nalisisitiza kwa sababu mtaani ndivyo walivyomwona. Alikuwa anaamka mapema kuliko wengi wetu. Alijaza kaunta buku tatu: moja ya bei za Kibirizi, Ujiji na Katonga alizokuwa akiziuliza kwa simu, moja ya nauli na utaratibu wa kusafirisha mzigo kwa basi na kwa treni, na ya tatu ya maswali. Itakuwaje mvua ikinyesha? Itakuwaje mzigo ukipotea njiani? Leseni ikitakiwa Tabora na Kigoma kote? Dagaa wakiadimika? Wakijaa, bei ikaanguka? Kila jibu alilopata lilizaa maswali mawili.

Marafiki walimwambia "ngoja ngoja huumiza matumbo". Yeye aliwajibu "haraka haraka haina baraka". Kiswahili kimewapa silaha pande zote mbili, na hakuna aliyeshinda.

Huku akisubiri, akiba ilikuwa inaliwa. Kodi ya chumba, chakula, msiba wa huku, harusi ya kule, vibarua vya siku mbili tatu vilivyoziba pengo kidogo. Desemba 2023 zilikuwa zimebaki Sh 1,120,000. Yaani Sh 530,000 zilikwenda kwa mtu aliyekuwa akiogopa kupoteza pesa. Alijua hesabu hiyo vizuri, ameiandika kwenye daftari la pili. Kuijua hakukumsogeza hata hatua, kulimwongezea swali: "Kwa kuwa sasa mtaji umepungua, je, bado inafaa?"

Kosa langu la kwanza

Shangazi alinileta nyumbani kwake wiki ya mwisho ya Desemba. Nilimsikiliza Daftari kwa saa nzima, nikavutiwa na akili yake, halafu nikafanya jambo ambalo wawezeshaji tumezoea kulifanya: nikamwambia aandike mchanganuo kamili wa biashara, tuujadili baada ya wiki mbili.

Akauleta baada ya siku kumi. Kurasa 22. Ulikuwa mzuri kuliko michanganuo mingi ninayoletewa na vikundi vinavyoomba mkopo. Na alikuwa amekonda. Mkewe, aliyekuwa karibu kujifungua, alisema kijana halali. Anakaa sebuleni na taa ya simu hadi saa nane za usiku.

Nilikuwa nimempelekea mlevi kreti ya pombe.

Hapo nikamuuliza maswali ambayo ningepaswa kuanza nayo. Unakula? Unaona maisha hayana maana? Umewahi kufikiri kujidhuru? Alisema anakula, na hayo mengine hapana, na mkewe akathibitisha. Majibu yangekuwa mengine, kisa hiki kingeendelea kituo cha afya, si mwaloni. Lugha yetu ina tatizo hapa: tukisema "ana mawazo" tunaweza kumaanisha mtu anapanga, ana huzuni, au ni mgonjwa kabisa, na wote tunawapa ushauri uleule wa "acha kuwaza". Sijawahi kuona mtu aliyeacha kuwaza kwa kuambiwa aache.

Washona wa Zimbabwe wana neno lao la hali hii, kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianzisha Harare mwaka 2006 mpango wa mabibi wa mtaani, waliofunzwa kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kuongea na watu wenye hali hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliopata huduma ile walipungukiwa na dalili kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kilichonivutia ni wanachokifanya kwenye benchi: matatizo yanatajwa yote, linachaguliwa moja, na mtu anaondoka na hatua moja ndogo ya kulishughulikia. Nikakumbuka kwamba kwenye kisa hiki bibi wa benchi alikuwepo tangu mwanzo, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Tuliyoamua, na kwa nini

Kikao cha tatu, Januari 2024, nilimwomba shangazi akae nasi. Tulianza na daftari la maswali. Yalikuwa 63. Tuliyagawa mafungu matatu: yanayoweza kujibiwa na mtu fulani kwa kuulizwa tu, yanayoweza kujibiwa na mwalo au soko peke yake, baada ya kununua, na yasiyo na wa kuyajibu. Fungu la kwanza lilikuwa na maswali 19, na shangazi aliyamaliza mengi yake pale pale huku akichambua mchele. Fungu la pili 27. La tatu 17, yakiwemo "watu watasemaje" na "itakuwaje ziwa likifungwa".

Daftari aliliangalia fungu la pili kwa muda mrefu. Kwa miezi kumi na tatu alikuwa anawahoji watu maswali ambayo hakuna mtu duniani mwenye majibu yake.

Kisha shangazi akauliza swali ambalo mimi na mafunzo yangu yote sikuwa nimelifikiria: "Baba, kati ya hizo pesa zako, za kupoteza ni ngapi?"

Akashangaa. "Za kupoteza, shangazi?"

"Za kupoteza. Mimi nilipoanza nilipoteza za kutosha. Toa ada yako mapema ujue ni kiasi gani."

Hapo ndipo jambo lenyewe lilipotoka. Baba yake alikuwa mvuvi. Alikopa kununua mashine ya boti, msimu ukawa mbaya, na waliomkopesha wakaja kuichukua mbele ya watoto. Daftari alikuwa na miaka tisa; anakumbuka mpaka rangi ya gari lililoibeba. Baba hakurudi tena ziwani. Kwa hiyo kijana huyu hakuwa anaogopa biashara kwa ujinga. Alikuwa amesimama zamu, miaka yote, ili lile gari lisirudi.

Sikumwambia kwamba hofu yake haina msingi, kwa sababu ilikuwa nao. Tulichoweza ni kuipimia mipaka. Akataja Sh 60,000 za dagaa, hakuna kukopa, hakuna kuongeza katikati. Zikipotea zote, chumba kitalipiwa na mtoto atavaa.

Tarehe hatukumwachia aichague. Mtu wa namna yake ukimwambia "ukiwa tayari" umempa mwaka mwingine. Tulichukua giza la Februari. Mwezi haumsubiri mtu ajiandae, na pia haumkaripii aliyechelewa, unaandama tena. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, aliandika mwaka 1999 kuhusu nguvu ya kuifunga nia kwenye tukio maalum: likitokea hili, nitafanya hili. Daftari aliandika sentensi moja nyuma ya mchanganuo wake: "Nikisikia adhana ya alfajiri nikishasali, navaa makubazi, nachukua ndoo, natoka." Haikutaja faida wala Tabora. Iliishia mlangoni.

Jambo la mwisho lilikuwa kuwazia kwa muda maalum: dakika ishirini baada ya isha, daftari likifunguliwa na kufungwa kwa saa. Alidumu nalo siku tisa.

Asubuhi tatu

Asubuhi ya kwanza hakwenda. Alifika kituo cha bodaboda, akarudi. Asubuhi ya pili aliamka, akasali, akarudi kulala. Nilimpigia simu saa mbili kuuliza, na nikamsikia sauti ikibadilika. Nilikuwa nampigia kila siku wiki ile. Shangazi alinionya baadaye kwamba kijana aliiona simu yangu kama ya mkusanya marejesho. Kwa historia ya nyumba yao, nilipaswa kujua.

Asubuhi ya tatu shangazi hakupiga simu. Alimpitia. Jua la Kigoma huchelewa, hukaribia saa moja ndipo linapochomoza, na walifika Kibirizi mitumbwi ikiwa inaingia. Daftari alinunua dagaa wa Sh 60,000 na akauziwa ghali. Shangazi aliona, akanyamaza makusudi. Walianika kwenye vichanja viwili vya kuazima, na waliozidi wakawatandaza kwenye mchanga, kama wanavyofanya wengi.

Saa kumi jioni mvua ikaja. Wa kichanjani waliwahi kuwafunika. Wa mchangani walilowa, wakaondoka na nusu ya ufuo mwilini.

Dagaa wazuri, baada ya kumaliziwa kukauka kesho yake, alimtumia dada yake Tabora kwa basi, kiroba kidogo. Wakauzwa Sh 41,000, wengi kwa mama lishe wawili. Waliochafuka aliwauza Sh 8,000 kwa mfuga kuku. Hesabu ilikuwa hivi: dagaa 60,000, ndoo na bodaboda 6,000, basi 5,000, jumla 71,000, zilizorudi 49,000. Hasara Sh 22,000.

Dada yake alituma ujumbe mmoja wa sauti ambao Daftari ameuhifadhi mpaka leo: wale mama lishe walisema dagaa hawana mchanga, wanataka wengine.

Kwenye maswali 63, neno "mchanga" halikuwemo.

Baada ya hasara

Nilitarajia arudi kwenye kaunta buku, na alirudi, siku nne. Nilipoonyeshwa alichoandika nikaona tofauti. Zamani alikuwa akiandika "itakuwaje mvua ikinyesha". Sasa aliandika "turubai la mita nne ni shilingi ngapi pale stendi". Ni hofu ileile ya mvua, ila swali sasa lina anwani. Unaweza kuliendea kwa miguu.

Giza la Machi lilidondokea Ramadhani. Alinunua kidogo, akapata faida ya Sh 17,000. Aprili hakwenda kabisa. Mvua zilikuwa nyingi, na mimi nilimshuku kwamba amerudi kulekule. Nilikosea. Hakuna aliyekausha cha maana wiki zile, hata shangazi. Kutotenda nako kuna siku yake, na sisi tunaohubiri utendaji tuna haraka ya kuona ugonjwa kwenye kila subira.

Kisha likaja lile swali la fungu la tatu. Kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa, Tanzania pamoja na nchi jirani zinazolizunguka, ili samaki wapumzike na kuzaliana. Miezi mitatu. Jinamizi la Daftari lilikuwa limetangazwa rasmi.

Alinipigia simu, mara ya kwanza yeye kunipigia, akicheka. "Mwalimu, si niliwaambia?"

Alitumia miezi ile kujenga vichanja viwili vyake, na kwenda Tabora mwenyewe kukaa kwa shemeji yake siku tano. Huko aligundua kwamba mama lishe hawataki kiroba; wanataka vifuko vya kupika siku moja. Ziwa lilipofunguliwa Agosti alianza kufunga dagaa kwenye vifuko hivyo.

Matokeo hadi Desemba 2024

Alikuwa na taslimu Sh 985,000, vichanja viwili, turubai mbili, na Sh 140,000 zikiwa nje kwa wadaiwa. Si tajiri. Ukilinganisha na Sh 1,120,000 za mwaka uliotangulia, utasema amerudi nyuma. Lakini mwaka 2024 familia ilikuwa ya watu watatu, na akiba ilipungua kwa 135,000 badala ya zile 530,000.

Analala. Bado anawaza sana, na mkewe anasema bado hukaa sebuleni, ila siku hizi anafunga vifuko.

Uchambuzi

Nikiulizwa kilichofanya kazi zaidi, nitataja swali la shangazi kabla ya kitu kingine chochote. Mtu anayeogopa hasara ukimwonyesha faida unaongea lugha nyingine. Shangazi aliichukua hasara yenyewe akaipa kimo. Sh 60,000 ni kitu unachoweza kukitazama usoni. Gari linalobeba mashine ya baba hulitazami.

La pili ni kugawa maswali. Kabla ya hapo sote tulidhani Daftari anawaza mno. Baadaye niliona kwamba aliwaza kwa kiasi cha kawaida kwa mtu makini, ila aliwaza mahali ambapo hapana jibu. Mchango wa giza kama tarehe siuwezi kuupima vizuri. Bila shangazi kumpitia, huenda giza la Februari nalo lingehesabiwa la kumi na sita.

Vilivyofeli ni vingi vya kwangu: mchanganuo, zile simu, na dakika ishirini baada ya isha, ambazo kwake ziligeuka miadi ya kuogopa. Wapo zinaowafaa. Yeye alianza kuisubiri isha kwa wasiwasi tangu alasiri.

Kuna maelezo mengine ambayo siwezi kuyakataa. Mtoto wao alizaliwa mwishoni mwa Januari, wiki mbili kabla ya asubuhi zile tatu. Inawezekana kabisa kwamba vikao vyetu vyote havikuwa na uzito wa usiku mmoja wa kutafuta pesa za maziwa ya mtoto. Nilimuuliza. Akasema hajui, na kwa mtu mwenye maswali 63, jibu hilo niliona ni maendeleo.

Tena, Daftari alikuwa na vichanja vya kuazima, dada Tabora, na akiba isiyo ya mkopo. Kijana asiye na hivyo vitatu, ambaye Sh 22,000 ni kodi yake ya mwezi, akisoma kisa hiki kama wito wa kujitosa atakuwa amesoma kingine. Kwake huenda hatua ndogo ni kwenda kubeba ndoo za mtu mwingine giza moja zima, alipwe, aone mchanga kwa macho yake bila kuulipia.

Ningerudia, ningeanza na shangazi siku ya kwanza, na mchanganuo nisingeutaja kabisa.

Na zile Sh 140,000: kati yake, 90,000 anadaiwa shemeji wa Tabora, mume wa dada yake, aliyechukua mzigo wa Oktoba akauuze mwenyewe. Daftari amehesabu mara nyingi namna ya kumkumbusha bila kumuudhi dada. Juzi alimwomba shangazi ampigie yeye. Shangazi alikataa.